Kwa wageni wa Katesh na Mbulu: litazame wingu kwa matumaini na tahadhari



Kila mwaka msikiti wetu hapa Katesh hupokea wageni: walimu waliopangiwa vituo, wafanyabiashara wa nafaka, na akina mama waliofuatana na waume zao. Mimi pia nilikuja hivyo hivyo, mzaliwa wa Pangani niliyemaliza chuo Morogoro. Na kwa kuwa mgeni humwendea kwanza katibu wa msikiti, maswali ya baridi na mvua huniangukia mimi. Naona inafaa kuyajibu hapa.

Pwani tumezoea kuhesabu mwaka kwa kaskazi na kusi. Huku yafaa kuhesabu pia kimo cha ardhi. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, na miji ya Katesh na Mbulu ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi huwa na baridi kali ambayo mtu wa Tanga haijui. Maji ya udhu wa Alfajiri huuma vidole. Asiyeweza kuyastahimili na ayapashe moto, hakuna ubaya. Aliyevaa khofu akiwa na tohara kamili anaruhusiwa kupaka maji juu yake, mkazi kwa mchana na usiku mmoja, msafiri kwa siku tatu.

Katika miezi hiyo nawasihi wazazi jambo moja: msilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Ongezeni mablanketi.

Septemba na Oktoba ni miezi ya ukavu, upepo na vumbi. Maji yatumiwe kwa uangalifu, hata ya udhu. Kisha mvua huanza, kwa kawaida kati ya Novemba na Desemba, na huendelea kwa vipindi hadi Aprili au Mei. Njia hujaa tope. Katika madhehebu ya Shafii, wanaosali jamaa msikitini wanaruhusiwa kukusanya sala kwa kutanguliza wakati wa mvua, kwa masharti yake, muulizeni imamu.

Lakini mvua ya huku ina jambo zito zaidi. Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, uko juu ya vichwa vyetu. Mvua inaweza kunyesha mlimani huku mjini pakiwa pakavu, na maji yakashuka kwa njia yake ya zamani. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyolowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji kama Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu Waislamu miongoni mwao na awape subira wafiwa wote.

Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, amesimulia kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoliona wingu uso wake ulibadilika, akawa anaingia na kutoka kwa wasiwasi hadi mvua inyeshe. Aliitarajia rehema, wala hakujiaminisha na adhabu. Basi sisi ni nani tulitazame wingu la Hanang kwa kughafilika?

Kwa hiyo, kabla ya kulipa kodi ya nyumba, waulizeni wazee wa Kiiraqw na Kibarbaig maji hupita wapi. Korongo kavu bado ni njia ya maji. Mvua ikizidi usiku, waamsheni watoto na majirani, wa dini yoyote, mpande mahali pa juu palipo mbali na korongo.

Tunamwomba Allah atupe mvua yenye manufaa. Amin.