Pishi ya Mjomba

Usiku wa kuamkia Idi, bibi yangu mzaa mama alipima mchele wa fitri kwa kuhesabu vichwa. Vibaba vinne, pishi moja, kisha anataja jina: hii ya babu yenu, hii ya mama yenu, hii yako wewe. Sisi wajukuu tulikaa kwenye mkeka tukisubiri zamu zetu kana kwamba mchele ule ni wa kula sisi. Pishi ya mwisho kabisa ilikuwa ya mjomba.

Fitri hutolewa kwa aliye hai. Mjomba alitoweka mwaka 1984, nami nikiwa na miaka minane, na bibi alimpimia kila mwaka hadi yeye mwenyewe alipofariki, 2001. Hitima ya mjomba haikusomwa. Shehe wetu alimshauri kwa upole kwamba sasa miaka imekuwa mingi, afadhali amwombee kama anavyoombewa maiti. Bibi akamjibu: "Shehe, nionyeshe kaburi, nitaacha."

Kwetu ni Rufiji, upande wa bondeni, ambako mpunga ulilindwa na watu waliolala juu ya madungu wakiamia ndege mchana na kufukuza nguruwe na viboko usiku. Asubuhi ile mjomba aliaga kwamba anakwenda Ndundu, kwenye kivuko, kuuza kambare wa kukausha. Wakati ule kila gari la kwenda Lindi na Mtwara lilisimama pale kusubiri kuvuka, kwa hiyo ndipo palipokuwa na wanunuzi. Alikuwa na baiskeli na makapu mawili. Jioni hakurudi. Kesho yake baiskeli ilikutwa imeegemezwa kwenye banda la mama lishe, makapu matupu, samaki wote wameuzwa. Mama lishe alisema alikunywa chai, akalipa, akaondoka kwa miguu. Alielekea wapi? Hakuangalia. Nani huangalia mtu aliyelipa chai yake anaelekea wapi?

Alivyotafutwa bado nakumbuka. Madebe yalipigwa. Mjumbe wa nyumba kumi aliwagawa wanaume makundi, hawa bondeni, hawa msituni, hawa mtoni kwa mitumbwi, na wanawake wakapika uji wa watu wote uwanjani kwetu kwa siku tisa. Watu waliogombana na babu kwa mpaka wa shamba walikuja na mapanga yao na karabai zao. Hakuna aliyeuliza kama kutafuta kunaruhusiwa. Walipasua matope ya ukingoni kwa miti mirefu, kwa kuwa mto ule una mamba na kila familia iliwahi kumlilia mtu wake pale.

Kisha babu akapanda basi kwenda Dar es Salaam kulipia tangazo Radio Tanzania. Siku ya tangazo tulijaa kwenye baraza la mwenye redio, watu kama arobaini, hakuna anayekohoa. Mtangazaji akasoma jina la mjomba, umri, kijiji, shati la drafti, kaptula ya khaki, kovu mguu wa kulia. Yeyote atakayemwona atoe taarifa kituo chochote cha polisi kilicho karibu naye. Watu wakashusha pumzi. Bibi akainuka na kusema kovu liko mguu wa kushoto. Wakamtuliza, wakamwambia hilo ni dogo. Hapana, akasema, watamwangalia mguu usio wake na kumwacha apite. Babu alirudi tena Dar es Salaam, safari ya siku nzima kwa barabara ya wakati ule, kwenda kulipia tangazo la pili lenye mguu wa kushoto.

Hakuonekana. Sitaki kuifanya hadithi iwe na mwisho ambao haukuwa nao.

Nimeusimulia mkasa huu mara nyingi maishani, na zamani niliusimulia kama msiba wa nyumba yetu. Siku hizi nauona kwa jicho jingine. Nashangaa jinsi tulivyokuwa matajiri: kijiji kizima kilitoka nje kupiga kelele kwa ajili ya mtu mmoja muuza kambare. Kati ya 2002 na 2004, simba mmoja ambaye watu walimpa jina la Osama aliua watu zaidi ya 30 huku Rufiji. Hata hapo ndugu walifuata michirizi ya damu kichakani wakiwa wameshikana mashati. Walichokipata, hata kiwe mfupa na kipande cha kitenge, kilioshwa, kikasaliwa, kikazikwa.

Nisije nikaonekana nasema zamani hapakuwa na watu waliopotezwa kwa makusudi. Abdulla Kassim Hanga alikuwa Makamu wa Rais wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Othman Sharif alikuwa balozi wetu Marekani. Mwaka 1969 walipelekwa Zanzibar kutoka Bara wakiwa chini ya ulinzi, wakauawa huko, na makaburi yao hayajulikani. Wazee wa kwetu walilijua jambo hilo, wakalisema kwa sauti ya chini baada ya sala ya isha. Ila lilikuwa jambo la wakubwa, la Ikulu na visiwani. Hatukudhani litashuka hadi kwa fundi baiskeli.

Lilishuka. Mwaka 2017 maeneo yetu ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga yaliingia katika mauaji ambayo hatukuwahi kuyaona. Wenyeviti wa vijiji walipigwa risasi milangoni mwao. Aprili 13 askari polisi 8 waliuawa kwa kuviziwa wakiwa ndani ya gari lao. Ukafuata msako, pikipiki zikapigwa marufuku usiku, na watu wakajifunza kufunga milango kabla ya magharibi. Mimi nilikuwa nimeshahamia Dar es Salaam. Siku moja nikapigiwa simu kwamba kijana wa jirani yetu, fundi baiskeli niliyemwona akizaliwa, amechukuliwa na watu waliokuja na gari. Nikauliza ni akina nani. Upande wa pili kukawa kimya, kisha dada yangu akasema: "Kaka, hilo usiliulize kwenye simu."

Nami sikuuliza tena. Hilo ndilo ninaloliandika leo kwa uchungu. Babu yangu alipanda basi mara mbili kwa ajili ya mguu wa kushoto, na mimi, mwenye simu mfukoni na lami hadi Kibiti, sikwenda. Nilituma pesa. Debe halikupigwa hata moja. Mama yake alizunguka ofisi tatu, kila moja ikimwelekeza nyingine, na majirani walimwona akipita wakajifanya wanachambua mboga. Mkewe hadi sasa hajui ajihesabu nani. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, kisha maisha yanaendelea. Yeye ataanza kuhesabu tangu siku gani?

Hata kitenzi tumekibadilisha. Mjomba alipotea, na sisi tulipotelewa. Hivyo ndivyo ilivyosemwa, na katika kupotelewa kulikuwa na jamaa nzima inayoumia. Sasa tunasema amepotezwa, ametekwa. Aliyetenda tumempa jina ambalo si jina: wasiojulikana. Watoto wa shule ya msingi wanalitamka kama wanavyotamka jina la kabila.

Novemba 2016 alitoweka Ben Saanane, msaidizi wa Freeman Mbowe wa Chadema. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 21, 2017, ikawa zamu ya Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi aliyekuwa akiandika habari za mauaji yale ya kwetu. Mkewe alisimulia kwamba alikuwa shambani wakati gari jeupe lilipofika, mumewe akiwa ndani pamoja na wanaume wengine. Azory alimwuliza ulipo ufunguo wa nyumba. Akamwambia amepata safari ya dharura, asiporudi siku ile atarudi kesho. Mke yule alikuwa mjamzito. Mtoto alizaliwa baba hayupo, na leo ni wa umri wa kusoma jina la baba yake gazetini.

Nimeurudia mara nyingi mwulizo ule wa ufunguo. Mtu anayeuliza ufunguo ulipo ni mtu wa nyumba hiyo, anayejua ni msumari gani unaponing'inizwa au mtungi gani unapofichwa. Ni maneno ya kila siku kabisa. Julai 2019, Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na amefariki. Kisha akasema hakueleweka vizuri. Kwa wengine hiyo ilikuwa habari ya siku mbili. Kwa nyumba ile ya Kibiti, mtu alizikwa asubuhi na kufufuliwa jioni, na hakuna aliyefika mlangoni kueleza lipi washike.

Septemba 2024, Ali Mohamed Kibao, kiongozi wa Chadema, aliteremshwa kwenye basi Dar es Salaam akiwa njiani kwenda Tanga, na mwili wake ukaokotwa Ununio. Rais aliagiza uchunguzi. Siku zile nilikaa kwenye daladala nikamsikia mama mmoja akisema, kwa kumhurumia kweli, kwamba angalau hao wamepata wa kumzika. Abiria wote tukaitikia. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu, nikatembea.

Mwaka huu, usiku wa kuamkia Idi, nilikwenda nyumbani. Daraja la Mkapa limesimama pale palipokuwa na kivuko tangu 2003, na magari hayasimami tena. Nilikwenda kwa mama wa yule fundi baiskeli, nikakaa kwenye mkeka wake mpaka usiku, nikamwuliza kila kitu ambacho sikuuliza 2017: shati gani, saa ngapi, gari lilielekea wapi, ana kovu gani. Ana kovu la mnyororo kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Nililiandika, nikamsomea, akasema ndivyo.

Na huyu hapa mwingine, kwa namna ile ya zamani. Azory Gwanda, mwandishi wa habari, aliondoka Kibiti Novemba 21, 2017. Mkewe na watoto wake wanamsubiri. Yeyote anayejua alipo, au anayejua alipolazwa, awafikishie habari.