Bakuli Lililo Chini ya Birika

Katika mji wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, nyumba za kale zina birika lililojengwa kwa ajili ya maji ya kuogea na kutawadhia. Humo hufugwa samaki wadogo walao viluwiluwi vya mbu. Nilipozuru nyumba mojawapo, mzee mwenyeji wangu alinionesha bakuli la kaure lililojengewa sakafuni mwa birika.

"Mwanangu," alisema, "maji yakipungua, samaki hujihifadhi humu."

Nilinyamaza. Mwezi uliotangulia nilikikausha kidimbwi chetu cha uani, nikakisugua hadi kikang'aa, nikakijaza maji ya bomba. Kulipopambazuka, samaki wote wa binti yangu walikuwa wakielea. Nilimwambia ni kudura ya Allah. Sikumwambia kuwa ni kazi ya mikono yangu.

Klorini iliyomo katika maji ya bomba hudhuru matamvua ya samaki. Basi, ndugu msomaji, usikikaushe kidimbwi chote. Ondoa tope na majani yaliyooza, punguza maji kiasi cha robo, kisha ongeza maji yaliyokaa wazi siku moja au mbili. Usizidishe chakula, kwani mabaki yake huoza na kuchafua maji.

Niliporejea nyumbani nilimweleza binti yangu ukweli, nikamwomba radhi. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Baba, na sisi tutaweka bakuli?"

Tuliliweka siku ile ile. Usafi ni katika imani, na viumbe tunaowafuga ni amana.