Nilimwambia Anyamaze, Sikusoma Mstari Unaofuata



Neno letu leo ni Kutoka 14:14-15. Tafadhali fungua Biblia usome mistari yote miwili. Usiishie wa kwanza kama nilivyofanya mimi.

Haya ninayoandika nimeruhusiwa na binti mmoja wa kanisa letu pamoja na mama yake. Jina lake silitaji, wala la chuo. Ninaandika kwa sababu kuna mahali mimi mchungaji wenu nilikosea, na najua kuna mzazi au mwanafunzi anayesoma hapa ambaye yuko pale pale tulipokuwa.

Mama yake alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Ni mama anayeuza nyanya na sukuma wiki kwenye kibanda karibu na steji. Mtoto alipopata nafasi ya kusomea uuguzi, ng'ombe wa maziwa aliuzwa, na hiyo ndiyo ikawa karo ya muhula wa kwanza. Asubuhi hiyo alisema neno moja tu: "Pasta, wamemfukuza."

Barua ilikuwa na mistari minne. Ilisema binti ameanguka famakolojia, yaani somo la dawa, na pia mafunzo ya vitendo wadini. Kwa hivyo masomo yake yamekatizwa, na atoke hosteli kabla ya Ijumaa. Alikuwa mwaka wa tatu, amebakisha muhula mmoja. Hakuitwa mbele ya kamati yoyote. Hakuulizwa lolote. Kwa mafunzo ya wadini alipewa sifuri, ilhali alikuwa na daftari lake lenye saini za wasimamizi wa wadi, usiku baada ya usiku, hasa wadi ya akina mama waliojifungua.

Walikuja kanisani jioni ile. Tuliomba, tukalia. Kisha nikamfungulia Kutoka 14:14, nikamwambia atulie, anyamaze, Bwana atapigana. Nikamshauri asiandike barua wala asigombane na walimu. "Mwachie Mungu," nikasema. Akaitikia amina, akarudi nyumbani kumsaidia mama yake kupanga nyanya.

Siku ya kumi na moja, dada mmoja wa kwaya ambaye ni wakili alinisimamisha baada ya ibada. Alikuwa amesikia habari. Aliuliza mambo matatu: barua iko wapi, kitabu cha kanuni za wanafunzi kiko wapi, na matokeo yenyewe yako wapi. Sikuwa na jibu hata moja. Tulipokipata kile kitabu, kanuni ilisema wazi kwamba mwanafunzi ana siku kumi na nne kukata rufaa ndani ya chuo. Zilikuwa zimebaki tatu.

Dada akanitazama akasema kwa heshima, "Mchungaji, maombi hayana siku ya mwisho. Rufaa inayo."

Usiku ule nilirudi kwenye Kutoka 14, na kwa mara ya kwanza mstari wa 15 ulinichoma. Bahari iko mbele, Farao yuko nyuma, na Mungu anamuuliza Musa kwa nini anamlilia Yeye, badala ya kuwaambia watu waende mbele. Wapendwa, ule ukimya wa mstari wa 14 ulikuwa wa kutuliza hofu. Haukuwa wa kuketi ufuoni mpaka jeshi likufikie. Mimi nilikuwa nimemketisha binti wa watu ufuoni siku kumi na moja.

Kesho yake tukakaa kuandika rufaa. Hapo likatokea jambo lingine. Wakili alimuuliza binti, "Famakolojia ulipata ngapi?" Akainama kwa muda mrefu. Mama yake alikuwa ameambiwa kwamba alama zimebadilishwa na mwalimu asiyempenda. Mwishowe akasema, "Arubaini na tatu. Alama ya kupita ni hamsini. Mtihani ulinishinda kweli."

Nyumba ilinyamaza. Mama akatoka nje kidogo, akarudi macho yakiwa mekundu. Wakili hakumkaripia. Alimwambia, "Hilo liandike kwanza. Ukisema ukweli kwenye jambo linalokuumiza, utaaminika kwenye lile ulilodhulumiwa." Basi rufaa ikasema: famakolojia nilianguka, na kanuni zinaniruhusu mtihani wa marudio ambao sijapewa. Sifuri ya wadini siikubali, na hizi hapa saini.

Majibu yalikuja baada ya wiki saba. Mstari mmoja: uamuzi unabaki ulivyo. Hakuna sababu iliyotolewa.

Ndipo neno mahakama likatajwa, na kanisani kukawa na mgawanyiko. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alinikumbusha 1 Wakorintho 6, kwamba haifai waamini kushtakiana. Nilimjibu kwamba Paulo pale anasema juu ya ndugu na ndugu wa imani moja. Na Paulo huyo huyo, alipoona haki yake inapotezwa, alikata rufaa kwa Kaisari. Iko Matendo 25:11. Huko Filipi pia, alipochapwa bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kimyakimya. Kutafuta haki kwa njia halali si kukosa imani, na si kukosa msamaha. Unaweza kumsamehe mtu na bado ukamwomba akurudishie daftari lako.

Wakili alitufundisha mambo ambayo kila mzazi Mkenya anapaswa kuyajua. Kifungu cha 47 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki na mwenye mamlaka ya kuamua juu yake, na akiumizwa na uamuzi huo, apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka wa 2015 iliyofuata inataka upewe taarifa mapema na nafasi ya kusikizwa. Lakini sheria hiyo hiyo inakutaka umalize kwanza ngazi za rufaa zilizopo kabla ya kwenda kortini, isipokuwa kukiwa na sababu ya kipekee. Ndiyo maana zile siku tatu zilikuwa za thamani.

Alitueleza pia kwamba kortini si mahali pa kusahihishiwa mtihani. Jaji si mwalimu wa uuguzi. Anachouliza hasa ni kama njia iliyofuatwa ilikuwa ya haki.

Kisha akanisimulia kisa ambacho nimekihubiri mara mbili tangu siku hiyo. Mwaka wa 1718, Chuo Kikuu cha Cambridge kule Uingereza kilimvua msomi Richard Bentley shahada zake bila kumsikiza. Kesi ilipoamuliwa mwaka wa 1723, mmoja wa majaji alikumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita ajieleze. Shahada zikarudishwa. Fikirieni, wapendwa! Mungu ajuaye yote, aliyeliona tunda likiliwa, bado aliuliza maswali kwanza. Kama kuna yeyote angeweza kuhukumu bila kuuliza, ni Yeye. Na Nikodemo naye, katika Yohana 7:51, aliwauliza wakubwa wenzake swali hilo hilo juu ya Bwana Yesu.

Kesi ilichukua mwaka mmoja na miezi minne. Tulifanya harambee ya nauli na karatasi za korti. Binti aliuza nyanya na mama yake. Wenzake walihitimu, wakafanya mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi, wakaajiriwa. Alitazama picha zao kwenye simu. Siku moja aliniambia, "Pasta, naomba ila sisikii kitu." Sikumpa mstari wowote siku hiyo. Nilikaa naye tu kibandani, tukachagua nyanya zilizooza.

Hukumu ilipokuja, Mahakama Kuu ilifuta barua ya kumfukuza kwa sababu hakusikizwa wala hakupewa sababu, ikaamuru chuo kimsikize upya. Haikumpa alama hata moja. Chuo kilipolipitia daftari mbele yake, alama za wadini zilionekana. Zilikuwa zimekaa bila kuingizwa. Famakolojia aliirudia, akapata sitini na moja. Miaka miwili ilikuwa imekwenda, na hakuna korti inayoweza kuirudisha.

Nilimuuliza kama anajuta kukiri ile arubaini na tatu. Akacheka. "Pasta, siku moja utalala wadini mimi nikikupimia dawa. Ungependa niwe nilipita kwa kweli ama kwa kesi?"

Mwanafunzi unayesoma hapa, soma kanuni za chuo chako kabla ya shida kuja. Weka barua na kila saini. Na usimdanganye mzazi wako juu ya alama.

Mzazi, mtoto akirudi na barua kama ile, kumbatia kwanza, kisha tazama tarehe.

Mwalimu uliye kanisani mwetu, na mko wengi, kumwangusha asiyeweza si dhambi. Wagonjwa wanakutegemea. Lakini muite, muulize, msikize, kisha uamue. Mungu alifanya hivyo bustanini.

Nanyi wachungaji wenzangu, kabla hatujamwambia mtu "mwachie Mungu", tuulize kama kuna barua ambayo Mungu anamngoja aiandike.

Tuombe. Baba, wako wanaolia leo ufuoni mwa bahari. Tuliza hofu yao, kisha uwape nguvu ya kwenda mbele. Wape ukweli vinywani, na uwape watu wa kusimama nao. Wenye mamlaka wape masikio ya kusikiza. Nami nisamehe kwa zile siku kumi na moja. Katika jina la Yesu, amina.

Mbarikiwe sana. Kama una barua nyumbani ambayo hujaijibu, njoo nayo Jumapili. Tutaisoma pamoja.