Umekosa

Meseji iliyonifunza kuogopa maneno ilikuwa na herufi 60, ukihesabu nafasi na nukta. "Umekosa mchango wa Aprili. Lipa sasa kuepuka faini ya Sh200." Niliiandika mimi. Niliiandika nikila chapo na madondo, jicho moja kwa laptopu, na nikajipongeza kwa sababu ilikuwa fupi.

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 2018 mimi na wenzangu wawili tulianzisha tovuti ya kuweka hesabu za chama. Chama unakijua: kina mama ishirini, kila mwezi kila mmoja analeta elfu moja, mmoja anabeba zote, mwezi ujao ni zamu ya mwingine. Hesabu huandikwa kwenye kaunta buku, ile ya jalada gumu, na kaunta buku hukaa kwa mweka hazina. Mweka hazina akigombana na katibu, hesabu inapotea. Sisi tukasema tutaitoa hesabu humo tuiweke mahali kila mwanachama anaiona. Mchango ukiingia kwa M-Pesa, tovuti inausoma, inamwekea mwenyewe alama na kumtumia meseji. Simu ya mulika mwizi ingetosha.

Hatukuwa wa kwanza kuota ndoto kama hiyo Nairobi. iHub ilikuwa imefungua mlango Ngong Road tangu 2010. Ushahidi, iliyozaliwa 2008 katika moto wa baada ya uchaguzi, ilikuwa imeshazunguka dunia na jina lake la Kiswahili. Na M-Pesa, tangu Machi 2007, ilikuwa imemfunza hata nyanya yangu wa Likoni kusoma meseji ya pesa: anaangalia kiasi, halafu jina, halafu salio. Mengine anawaachia wenye muda. Sisi tulikuwa na chumba kimoja juu ya duka la dawa, meza mbili, na stima iliyopotea kila mvua ikipiga.

Tuligawana kazi. Mmoja aliandika programu. Wa pili alitafuta wawekezaji na kuvaa koti. Mimi nikapewa maneno, kwa hoja moja tu: "Si wewe umetoka Mombasa?" Kama ulizaliwa Pwani ukaja Nairobi, hiyo hoja unaijua. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi, lakini katika ofisi nyingi za Nairobi Kiswahili ni mtu, na mtu huyo ni wewe. Haikujalisha kwamba nilisomea takwimu.

Basi nikaandika kama mtu anayefanya KCSE upya. Badala ya pin nikaweka "nywila". Kwenye kitufe cha kutuma nikaweka "wasilisha". Palipotokea shida nikaandika "hitilafu imetokea" nikajisikia kama mtangazaji wa redio. Wiki ya pili mama mmoja wa Githurai akapiga simu kusema ameitafuta hiyo nywila kwa simu nzima na haioni, na kama ni ya kununua, inauzwa pesa ngapi? Katibu wa chama kingine alitaka kujua ofisi yetu iko jengo gani ndiyo aje awasilishe. Nywila ikawa "namba ya siri". Wasilisha ikawa "tuma". Ilinichukua muda kukubali kwamba hao watu hawakuwa na shida ya Kiswahili. Mimi ndiye niliyekuwa nayo.

Mwenzangu wa koti aliona suluhisho ni Sheng. Alitaka mchango ukiingia, meseji iseme "Doo imeingia, buda!" Tukaijaribu kwa vikundi vitatu. Sheng ni lugha yangu ya jioni, sina neno nayo, lakini mweka hazina mmoja wa Umoja alitujibu kwa upole uliouma kuliko matusi: "Hiyo pesa ikihitajika itamzika mtu. Usiichezee."

Tukaondoa buda. Pesa zetu wenyewe pia zilikuwa zinatutoka, tena kwa mlango ambao hakuna aliyekuwa akiulinda. Bili ya meseji ya mwezi mmoja ilipanda na hatukujua kwa nini. Programa wetu alikesha akaileta habari asubuhi, macho mekundu, akicheka. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160. Lakini ukiweka ndani yake alama moja tu isiyo katika orodha ya zamani ya herufi za simu, meseji nzima hubadilishwa mfumo, na sasa inabeba 70 peke yake; ikizidi hapo inakatwa vipande vya herufi 67. Alama yetu ilikuwa ile ya juu iliyojikunja. Katibu wa kikundi kimoja aliandika jina la Murang'a akitumia iPhone, na simu ikampindia alama ikidhani inampambia. Tangu siku hiyo kila meseji ya herufi 150 kwenda kwa kikundi hicho ilihesabiwa tatu. Kina Ng'ang'a na kina Nyong'o nao, wote waliotoka kwenye simu kama hiyo, walikuwa wakitugharimu mara tatu ya kina Otieno. Kwa hivyo kanuni ya kwanza kabisa ya uandishi katika kampuni yetu, ile iliyobandikwa ukutani kwa selotepu, haikuhusu sarufi. Ilisema: ALAMA YA NG' ISIMAME WIMA.

Nakuambia haya ili uelewe nilikuwa mtu wa namna gani kufikia 2020. Nilikuwa nimejifunza kuhesabu. Kila neno lilikuwa na bei na mimi nilikuwa mchumi wa maneno. "Umekosa mchango wa Aprili" ni maneno manne. Nani angelalamika?

Machi ile shule zikafungwa, kafyu ikaja, na kufikia mwanzo wa Aprili hakuna mtu aliyeingia wala kutoka Nairobi. Mwisho wa kutoa mchango ulikuwa tarehe 10. Asubuhi ya tarehe 11, Jumamosi ya Pasaka, mashine ikafanya tulichoiagiza: ikatuma meseji kwa watu 212. Mwezi wa kawaida wangekuwa thelathini hivi. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kuizima. Dada wetu wa kupokea simu alikuwa amekwama kwao ushago, hivyo simu ya kampuni nilikuwa nayo mimi.

"Hao ni watu wa chama?"

"Ndiyo, mama. Habari ya asubuhi."

"Mimi nimepata meseji yenu. Inasema nimekosa."

"Ndiyo mama, mchango wa Aprili hau..."

"Nimekosea nani?"

Nilidhani hajaelewa. Nikaanza kueleza mfumo wetu, taratibu, kwa ile sauti ya kumwongelesha mtoto. Akanikatiza. Alikuwa akiuza mandazi na chai nje ya shule moja ya msingi Kangemi, miaka kumi na moja. Shule imefungwa. Alikuwa amempigia mweka hazina wiki mbili kabla, wakaelewana. "Sasa wewe mwanangu, unaniambia nimekosa, na Sh200 juu. Niambie tu. Nimekosea nani?"

Alielewa Kiswahili kuniliko. Mtu hukosa basi, hukosa kazi, hukosa usingizi. Lakini akisimama mbele ya wazee akasema "nimekosa" na kunyamaza, kila mtu anajua anaomba msamaha. Neno ni lile lile kwa aliyepungukiwa na kwa aliyetenda ubaya, na kinachowatenganisha ni kinachofuata, na sauti, na nani anasema. Meseji haina sauti. Mimi nilikuwa nimemtumia mwanamke aliyenyang'anywa kazi na ugonjwa ambao haukuwa umemgusa, nikamwambia ana makosa. Nilizaliwa na neno hilo mdomoni. Sina hata kisingizio cha kusema nililisoma vibaya kwenye kamusi.

Akaniambia kitu kingine. Mwaka uliotangulia, programu moja ya mikopo ya simu ilimtumia vitisho kwa deni la mpwa wake, kwa sababu tu namba yake ilikuwa kwenye simu ya kijana huyo. Hiyo ilikuwa kabla ya kanuni za Benki Kuu za 2022 kupiga marufuku michezo hiyo. Kwa hivyo alipoona meseji yangu hakuona chama chake. Aliona wale.

Nikakata simu nikampigia programa. Sikumwuliza kuhusu neno, hilo lilikuwa langu. Nilimwuliza Sh200 zilitoka wapi. Akanyamaza kidogo. "Hiyo niliweka tu nikijaribu mfumo. Wanaweza kubadilisha." Ni kweli wangeweza. Tulikuwa na vikundi 34, na vilivyobadilisha ni vitano. Nikawapigia waweka hazina wengine mmoja mmoja siku ya Jumatatu, na yule wa Kangemi akasema kitu ambacho mpaka leo hunijia nikiwa naoga: "Sisi tulidhani ni sheria." Kwa karibu miaka miwili kina mama walikuwa wakitozana mia mbili mia mbili kwa sababu kijana mmoja aliyekaa juu ya duka la dawa alihitaji namba ya kujazia.

Tulizozana vibaya wiki ile, sote watatu, kila mmoja kwa simu kutoka chumbani kwake. Mimi nilitaka faini zote zifutwe usiku huo huo. Mwenzangu wa koti akaniuliza, "Sasa tunaandika meseji ama tunaendesha chama za watu?" Lilikuwa swali zuri na nililichukia. Kama faini haikuwa yetu kuiweka, basi haikuwa yetu kuifuta pia. Kuna vikundi vilivyoitaka. Mwishowe nafasi ya faini ikaachwa tupu, na kikundi kikitaka faini kikae, kikubaliane, kiandike chenyewe. Kusema ni rahisi. Programa alichukua siku nne, maana hesabu yote chini ilijengwa ikiamini faini lazima iwepo. Na kwa wale 212 tukatuma meseji nyingine: "Tumekosea. Meseji ya Jumamosi haikufaa na faini ya Sh200 haikuamuliwa na chama chako. Usiilipe. Ongea na mweka hazina wako." Mwekezaji mmoja alishangaa tumekiri kwa maandishi. Hakurudi tena. Siwezi kusema ni kwa sababu hiyo, mwaka huo wengi hawakurudi.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuwaongoza wengine kuandika, kama hiyo ndiyo kazi yenyewe. Tulikuwa tumefika sita. Nilinunua kaunta buku (ndiyo, kaunta buku) na kila meseji mpya iliandikwa humo kwa mkono kwanza, na kando yake jina la aliyeiandika. Kisha unasimama, unamsomea mwenzako usoni. Siyo kwa Zoom huku umezima kamera. Usoni. Kijana wetu wa mifumo, anayeandika msimbo safi kuliko mtu yeyote ninayemjua, alisoma "Ombi lako limekataliwa" mara mbili, akatazama chini, akasema, "Hii siwezi kumwambia mtu." Tukauliza nani amekataa. Kumbe hakuna aliyekataa, saini ya tatu ndiyo ilikuwa haijapatikana. Basi tukaandika hivyo: mweka hazina na katibu wamekubali, anasubiriwa mwenyekiti. Meseji ikawa ndefu, ikagusa herufi 140, na simu za malalamiko ya mikopo zikapungua kiasi kwamba dada wa simu aliuliza kama laini imeharibika.

"Hitilafu imetokea" nayo ilikufa hivyo hivyo. Imetokea wapi? Imetoka kwa nani? Kitenzi kukosa na jamaa zake wote sasa wanaruhusiwa mahali pamoja tu kwenye tovuti yetu, pale ambapo mtenda ni sisi.

Si kila mtu aliipenda kaunta buku. Mmoja aliacha kazi akisema tunachelewesha bidhaa kwa sababu ya mashairi. Kuna siku nilikubaliana naye. Tuliwahi kukaa saa mbili tukibishania "bado" na "haijaingia". Lakini "bado" ilishinda, na ninafurahi.

Yule mama wa Kangemi nilimtembelea Februari 2021, shule zikiwa zimefunguliwa na yeye amerudi pale pale nje ya ukuta, sufuria mbili na benchi moja. Nilimwamkia "Shikamoo", akacheka, akaniuliza kama ni mimi mtu wa Mombasa wa kwa simu. Chama chao kilikuwa kimetuhama. Walirudi kwa kitabu chao. Hakunificha na sikumbembeleza. Alitoa simu kwenye mfuko wa aproni akanionyesha meseji yangu, bado ipo, juu yake na chini yake za M-Pesa tu. Sikumwuliza kwa nini hajaifuta.

Nilinunua mandazi manne. Nilipokuwa nikila nikamwomba ruhusa nimsomee ile mpya, tuliyopanga kuanza kuituma mwezi uliofuata: "Mchango wa Machi bado haujafika. Kama umelipa au mambo hayajakaa sawa, tafadhali mwambie mweka hazina wako."

Akasikiliza huku akigeuza mandazi kwenye mafuta.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Hiyo tafadhali ni ya nini? Mtu akiniomba sana kwa mambo ya pesa, mimi najua kuna kitu ananificha."

Niliitoa nikiwa kwenye matatu, kabla hatujafika Westlands.