Kibao cha Mtaa na Daftari la Chiungutwa

Makumbusho ya Taifa, jijini Dar es Salaam, yamesimama katika Mtaa wa Shaaban Robert. Jengo lake kongwe lilifunguliwa mwaka 1940, nalo halikukusudiwa mshairi. Lilijengwa kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Mwaka huo Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, mtu wa miaka 31, ambaye tungo zake zilikuwa zikisomwa katika gazeti la Mambo Leo. Leo jina la mfalme limetoka mlangoni, na jina la karani limeandikwa barabarani. Ndivyo dunia ilivyo, duara. Aliye juu huteremka na aliye chini akapanda. Hata hivyo, kibao cha mtaa ni heshima isiyokuwa na mlango. Watu hupita chini yake wakielekea maofisini, dereva hulitaja jina kwa kumwelekeza abiria, na siku ikapita pasina mtu kukumbuka hata ubeti mmoja.

Lugha yenyewe imetia onyo katika jina la nyumba za namna hii. Waswahili hawakuziita ghala wala hazina. Waliziita makumbusho, kutokana na kukumbusha. Na kukumbusha ni kitenzi kinachotaka watu wawili, mwenye kukumbusha na mwenye kukumbushwa. Kitu kikiwekwa kabatini pasipo mtu wa kukisemea, kimehifadhiwa, lakini hakijamkumbusha mtu chochote. Tofauti hiyo huonekana ndogo mezani kwa mwanafunzi wa lugha. Haikuonekana ndogo kwa familia moja yenye asili ya Chiungutwa, iliyokwenda mtaani hapo siku ya Sabasaba kumtafuta mshairi.

Chiungutwa imo katika Wilaya ya Masasi, nchi ya mikorosho na mihogo, na mtu akitoka Masasi kuelekea Newala huupanda uwanda wa juu wa Makonde. Wakazi wa nchi hiyo ni Wamakua, Wayao na Wamakonde, watu ambao kwao mtoto huhesabiwa kwa ukoo wa mama. Msomaji wa visiwani asidhani kwamba Kiswahili kilifika huko jana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakapanda kwa miguu hadi Masasi na kuanzisha makazi. Kiswahili walichokuwa wakisema Unguja kilipanda pamoja nao, kikakaa jirani na Kimakua na Kiyao, na tangu hapo hakikuteremka tena.

Familia hiyo ilikuwa na watu watano: bibi aliyekuja mjini kutolewa mtoto wa jicho, mwanawe ambaye ni fundi umeme, mkewe, na watoto wao wawili, msichana wa miaka 13 na mvulana wa miaka 8. Marehemu mume wa bibi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Myao, na mpenzi mkubwa wa Shaaban Robert. Aliwaambia wanafunzi wake kila mwaka kwamba mtunzi yule, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, wazee wake walikuwa na asili ya Kiyao. Hakusema hivyo kwa majivuno ya kabila. Alitaka watoto wa Chiungutwa, waliokuwa wakichekwa kwa lafudhi yao kila wafikapo pwani, wajue kwamba Kiswahili kizuri hakimuulizi mtu kijiji cha babu yake.

Jambo jingine alilolipenda mwalimu ni kwamba Shaaban Robert alitunga pia kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Mtu aliyeandika Kusadikika, kitabu kilichowagusa watawala, ndiye aliyemwombolezea mkewe Amina kwa shairi, na ndiye aliyemtungia binti yake utenzi wa wasia. Mwalimu aliufuata mfano huo. Kwa miaka mingi alijaza daftari moja kubwa, lenye jalada gumu, kwa mashairi ya nyumbani: juu ya shamba, juu ya mwaka wa njaa, juu ya watoto walipozaliwa, na juu ya siku alizokuwa akimposa mkewe. Hakuyapeleka gazetini wala redioni. Alipofariki, daftari lilikaa katika sanduku la mbao, na mchwa wakalifikia kabla ya wajukuu.

Bibi alikuja nalo Dar es Salaam limefungwa ndani ya kanga. Safari kutoka Masasi ni ya kutwa nzima, kupitia Lindi, Nangurukuru na Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, na njia nzima hakulitia katika buti la basi, alilipakata. Alikuwa amesikia kwamba mjini kuna nyumba ya makumbusho ambayo anwani yake ni Shaaban Robert. Kwake jambo lilikuwa wazi: hiyo ndiyo nyumba ya washairi, na daftari la mumewe litakaa humo na wenziwe. Siku iliyochaguliwa ilikuwa Julai 7, sikukuu ya Sabasaba, ambayo tangu mwaka 2022 huadhimishwa pia kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Mvulana alipata alichokitaka mapema. Aliliona fuvu la Zinjanthropus, alilolifukua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, akataka kujua kama mtu yule alikuwa na jina. Aliyaona magari yaliyowabeba viongozi wa nchi, akamwuliza baba yake ni lipi lenye mwendo zaidi. Katika vitu vilivyochimbuliwa Kilwa, mama yao alisimama muda mrefu mbele ya vigae vya vyombo vya China, akasema kwamba hata zama zile watu walikuwa wakivunja vyombo vya wageni. Bibi, kwa jicho lililotoka karibuni katika kitambaa, aliangalia kila kitu kwa adabu, kama mtu aliyealikwa katika nyumba ya watu na bado hajaonana na mwenyeji.

Hatimaye akamwuliza mwongozaji, "Mwanangu, chumba cha Shaaban kiko wapi?"

Kijana yule hakucheka. Akamwambia, "Bibi, hapa hatuna chumba chake. Yeye yuko pale nje, kwenye kibao cha mtaa. Kaburi lake liko kwao, Tanga." Kisha, alipoelezwa habari za daftari, akasema kwamba upo utaratibu wa kukabidhi vitu, kwamba huandikwa na kupewa namba, na kwamba si jambo la kufanywa siku ya sikukuu kwa haraka. Akawaonyesha kivuli cha kukaa.

Hapo ndipo mwana na mama yake walipohitilafiana. Bibi alitaka wangoje siku ya kazi warudi kukabidhi. Alisema mchwa wa Chiungutwa hawana sikukuu, na kwamba yeye mwenyewe si mtu wa miaka mingi tena. Akiondoka, daftari litafungiwa vitumbua. Mwanawe alisema kwamba vitu vya kwao vilikwisha kwenda makumbusho zamani, na majina yakabaki nyuma. Alikuwa na hoja. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka Masasi na Newala kwa miezi kadhaa. Alichukua vinyago, vyombo na picha, na akawaimbisha watu mbele ya mashine ya kunasa sauti. Sauti hizo zilivuka bahari kwenda Ujerumani, na vitabu vyake vikasomwa huko. Lakini mtu wa Chiungutwa anayetaka kujua ni mama wa nani aliyetunga wimbo upi hatapata jibu kwa wepesi. Wimbo ulihifadhiwa, na mtunzi akawa kabila. "Baba hakuwa kabila," mwana alisema. "Alikuwa baba."

"Basi lisomwe," bibi akajibu. "Tangu afe halijasomwa. Sijui hata ninagombania nini."

Zamani yeye alikuwa akisoma. Alijifunza katika kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, na mwalimu wake alikuwa mumewe. Lakini macho yalikuwa yamemwacha kwa miaka kadhaa. Akapewa kazi msichana. Mwandiko wa babu ulikuwa wa mlazo, wa shule za zamani, nao ulimpa taabu kwanza, kisha akauzoea. Alisoma kama asomavyo shuleni, akikata mstari katikati, mizani nane na mizani nane, mpaka akafika katika shairi la uposa. Katika ubeti wa tatu mchwa walikuwa wametoboa ukurasa. Kipande cha kwanza cha mstari kilikuwa na mizani mitano tu. Tatu zilizobaki zilikuwa tundu.

Msichana hakushindwa. Aliona kwamba mistari mingine ya ubeti huo ilikuwa na kina cha kati cha ni. Akahesabu kwa vidole, akafikiri, akasema neno lililopotea ni "nyumbani." Mizani ni mitatu, kina kimeingia, na maana inakwenda vizuri: bwana anakumbuka alivyomkuta bibi akimngoja nyumbani. Baba yake akampigia makofi.

Bibi akatikisa kichwa. "Si nyumbani. Ni mwembeni."

Msichana akahesabu tena: mwe-mbe-ni. Mizani ni mitatu, na kina ni kile kile.

"Nyumbani gani?" bibi akasema. "Kwetu alikuwa haruhusiwi kufika, mahari yalikuwa hayajasemwa. Nilikuwa nikimngoja mwembeni, kwenye njia ya kisimani, na ndoo kichwani ili watu wasijue. Akisema nyumbani, anamsingizia mama yangu."

Wapenzi wa ushairi waliozoea kusahihisha miswada ya kale watalitambua jambo hili. Tungo nyingi za pwani zimetufikia zikiwa na matundu kama hayo, na wahariri wenye elimu wameyaziba kwa kuhesabu mizani na kufuata vina. Kanuni ni chombo kizuri. Pasina kanuni msichana asingejua hata ukubwa wa kilichopotea. Lakini kanuni iliyafungulia mlango maneno mawili, nayo haikuweza kusema lipi ndilo. Neno la kwanza lilikuwa sahihi kwa arudhi, na lilikuwa uongo. La pili lilijulikana na mtu mmoja tu ulimwenguni, mwenye umri wa miaka 78, aliyefika Dar es Salaam kwa ajili ya macho yake.

Kwa hiyo wote wawili, mama na mwana, walikuwa na haki, na wote wawili walikuwa wamepungukiwa. Daftari likibaki sandukuni, mchwa watamaliza walichoanza. Likikabidhiwa kama lilivyo, litapata namba na baridi ya kabati, na siku moja mtaalamu mwaminifu ataandika "nyumbani" pembezoni mwa ukurasa na kusifiwa kwa umakini wake. Kuna watu wanaodhani kwamba kumbukumbu za midomo na kumbukumbu za karatasi ni wake wenza wasioonana. Chini ya kivuli kile zilionekana kuwa kama mtu na fimbo yake. Bibi asingalikumbuka mwembe ule bila ya shairi kusomwa mbele yake, na shairi lisingalisimama bila ya bibi.

Jina la Shaaban Robert halikuhitaji chumba katika siku hiyo ili kuwa na kazi. Alifariki mwaka 1962, akazikwa kwao karibu na bahari, na vitabu vyake vingali vinasomwa mashuleni kutoka Tanga hadi Masasi. Lakini kwa kila Shaaban Robert mmoja aliyepata mtaa, wapo walimu, wavuvi na akina mama wa unyago, Chiungutwa na Newala, Pemba na Lamu, ambao tungo zao zimo sandukuni, na shahidi wao yu hai leo. Kuhusu hao, swali la wapi wawekwe linaweza kungoja. Swali la nani awasomee wazee wao kabla jua halijatua haliwezi.

Familia ile haikukabidhi kitu siku hiyo. Kesho yake mwana alilipeleka daftari kwa mwenye mashine ya kutoa nakala, akasimama naye mpaka ukurasa wa mwisho. Nakala moja itarudi Chiungutwa pamoja na bibi; moja ni ya msichana; na ya tatu, pamoja na daftari lenyewe, imewekwa kwa ajili ya makumbusho, lakini baada ya kazi kwisha. Kazi yenyewe ni ya jioni, baada ya chakula. Matundu yaliyohesabiwa ni 14. Hadi bibi alipopanda basi la kurudi Masasi, tisa yalikuwa yamejazwa, na kila neno limeandikwa kwa penseli, na pembeni limeandikwa jina la aliyelisema. Matano yameachwa wazi. Msichana angeweza kuyaziba kwa kuhesabu vidole, na vina vyote anavijua; ameambiwa asubiri mpaka likizo, akamwulize bibi.