Ukubwa wa Gari na Nafasi Yake

Ukubwa na nafasi si kitu kimoja. Jambo hili nililisisitiza kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu, tulipokuwa tukiwaandaa vijana kufundisha hesabu: sanduku laweza kuwa refu kwa nje, lakini ujazo wake ukawa mdogo. Nimevuka miaka 70 ndipo somo hilo likanifuata uani kwangu hapa Mbinga, nami nikalifanyia mtihani kwa futikamba na magari mawili.

Wanangu walikubaliana kuchanga fedha wanunue gari moja lililotumika, liwe la ukoo. Kijana wangu mkubwa, mwenye shamba la kahawa, alitaka pikapu, Toyota Hilux ya milango minne. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alitaka Land Cruiser Prado, gari lililofunikwa lote, la aina ambayo Watanzania tumezoea kuiita shangingi. Kila mmoja alidai kuwa gari lake ndilo kubwa. Nyuma ya ubishi huo alikuwapo dada yangu, aishiye ufukweni upande wa Liuli. Nyonga yake imeharibika, na hana budi kupelekwa hospitali ya Peramiho mara kwa mara.

Yalipoletwa magari ya kutazama, nilipima. Pikapu ilikuwa na urefu wa mita 5 na robo hivi. Shangingi halikufika hapo. Lilipungua karibu nusu mita. Kijana akatabasamu. Lakini bodi ya pikapu, pale panapowekwa mzigo, ilikuwa mita 1 na nusu tu, kwa sababu viti vya nyuma vimeshakula sehemu yake. Abiria wa viti hivyo naye hukaa wima mno, magoti yamesogea kifuani. Shangingi, ingawa fupi, lilimpa abiria wa katikati mahali pa kunyoosha mguu, na mgongo wa kiti chake uliweza kulazwa kidogo. Hata hivyo, ukivisimamisha vile viti vidogo vya nyuma kabisa, hapabaki mahali pa kuweka hata kapu la usipa. Kila gari lilinyang'anya upande mmoja ili kutoa upande mwingine.

Nilikumbuka Land Rover za zamani, zile ndefu zilizoitwa 109. Namba hiyo ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Zile fupi zilikuwa 88. Tuliitumia ile ndefu kuwapeleka wanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha. Mabenchi yalipangwa ubavuni, turubai likafungwa juu, wakakaa wakitazamana, mizigo miguuni. Mvua ikinyesha walifunikwa. Siku ya kubeba mahindi tuliondoa mabenchi. Gari lilikuwa lile lile, nafasi ndiyo iliyobadilika kufuatana na aliyepanda.

Siku hizi barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66, ni ya lami, na safari ya kuteremka kutoka milima ya Umatengo hadi ziwani si adhabu kama zamani. Hata hivyo, mgonjwa wa nyonga huihesabu kila kona. Nilimpigia dada simu, nikamsomea vipimo vyangu vyote. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Kaka, umepima magari yote mawili, mimi je, umenipima?"

Kijana wangu naye hakuwa mjinga. "Baba," aliniambia, "siku ya msiba jeneza tutaliweka wapi? Na kahawa?" Ni kweli. Pikapu hubeba karibu tani moja, na kwa mlango wa nyuma ulioshushwa, hata jeneza husafiri. Katika wilaya zetu, gari lisiloweza kubeba maiti na waombolezaji huonekana kama nyumba isiyo na baraza.

Nilichagua shangingi. Sababu yangu ni kwamba nafasi hupimwa kuanzia kwa yule asiyeweza kujibana. Gunia la kahawa litalala popote, nalo hukodiwa lori mara moja kwa msimu. Waombolezaji wenye afya watasongamana. Mtu mwenye nyonga mbovu hawezi kusongamana, wala hawezi kuahirisha maumivu hadi msimu ufike.

Kijana alinung'unika, nami simlaumu, maana ametoa fedha nyingi kuliko wenzake. Tumepatana na jirani mwenye pikapu: sisi tukifiwa atatuazima lake, naye akiuguliwa usiku atagonga mlango wetu. Kwa hesabu hiyo, kila nyumba imepata gari na nusu. Futikamba yangu haikunionyesha nafasi hiyo, kwa kuwa imo kati ya nyua mbili.