Ramani ya bure, ramani ya kulipia, na kompyuta tatu za shule

Mitihani ya katikati ya muhula ilitubana wiki mbili hizi, ndiyo maana hapa palikuwa kimya. Sasa nimerudi, na nina jambo limenikalia kichwani tangu Jumatatu.

Kozi yetu ya teknolojia ya elimu inataka kila kundi litengeneze zana moja ya kufundishia. Sisi tuko watano, wote walimu watarajiwa wa jiografia, na tumekubaliana kutengeneza ramani ya kwenye kompyuta ya kijiji kinachozunguka shule niliyofanyia mazoezi ya kufundisha mwaka jana. Data zipo. Kidato cha tatu walizunguka na mimi Jumamosi nne, tukaandika visima, mashine za kusaga, njia za miguu, na yale madaraja ya miti yanayoondoka na masika. Tuliwaahidi kwamba ramani itarudi kwao. Ahadi kwa wanafunzi wa kidato cha tatu si mchezo jamani, wale hawasahau.

Ugomvi ni kwamba tutumie laibrari gani. Kwa wenzangu wa sanaa: laibrari ni msimbo ambao mtu mwingine ameshauandika. Unaupachika kwenye ukurasa wako, nao unajua kuonyesha ramani, kuikuza na kuweka alama za kubofya.

Kuna mwenzetu mmoja tunamwita Injinia (hasomi uhandisi, ila ndiye anayetengeneza simu za hosteli nzima). Yeye anataka Google Maps, na hoja zake si za kupuuzwa. Picha za setilaiti unazikuta humohumo, kutafuta mahali kupo, njia za magari zipo, maelekezo yamejaa. Kila mtu ameshaizoea kwenye simu, kwa hiyo mwalimu hahitaji kufundishwa upya.

Mimi niko upande wa Leaflet. Ni programu huria, ilitoka mwaka 2011, aliianzisha Volodymyr Agafonkin wa Ukraine. Ni nyepesi kweli, KB 42 hivi, ndogo kuliko picha moja ya harusi mnazotumiana kila Jumapili. Ipo na OpenLayers ya tangu 2006, yenye uwezo mkubwa zaidi, lakini kwa visima na madaraja naona ni kuchinja kuku kwa panga la mnazi.

Injinia akasema, "Google nayo ni bure kwa watu wadogo." Ni kweli, kwa kiasi chake. Hadi katikati ya 2018 uliweza kuweka ramani yao bila habari nyingi. Julai mwaka huo wakaanza kudai ufunguo na akaunti ya malipo yenye kadi ya benki, na msamaha wa dola 200 kwa mwezi. Ukurasa usio na ufunguo ukawa unaonyesha ramani iliyofifia, imeandikwa juu kwamba ni ya majaribio tu. Machi 2025 wakabadilisha tena, msamaha wa dola ukaondoka, ikaja idadi ya matumizi ya bure kwa kila huduma. Sisi na ukurasa wetu mdogo tusingefikia kulipa hata senti. Siwalaumu, biashara ni biashara. Swali langu lilikuwa: kadi ya nani? Ya kwangu ninayopokelea bumu? Nikihitimu je? Mkuu wa shule aweke yake?

Na msidhani huria ndiyo kinga ya kila kitu. Mapbox walikuwa na laibrari huria nzuri sana, Mapbox GL JS. Desemba 2020 toleo la 2 likatoka na leseni ya kibiashara. Kilichowaokoa watu ni kwamba toleo la nyuma lilikuwa limeshatolewa kwa leseni huria, na leseni hiyo hairudishwi mfukoni. Wakalichukua, wakaliendeleza kwa jina la MapLibre, na lipo mpaka leo. Hii ndiyo hoja iliyowatikisa wenzangu zaidi.

Ila kuna kitu hata mimi nilikijua juzi tu baada ya kusoma masharti usiku kucha: laibrari siyo ramani. Leaflet ni fremu. Picha ndogondogo za mraba zinazojaza fremu, vigae, zinatoka kwingine. Wengi huchukua za OpenStreetMap, ile ramani ya kuchangia iliyoanza Uingereza mwaka 2004. (Wanafunzi wa Mlimani na Ardhi waliingia mitaani mwaka 2015 na mradi wa Ramani Huria, wakachora mitaa ya Dar inayofurika. Wanafunzi kama sisi!) Data zake ni huru mradi umtaje mwenyewe, lakini seva zao zinaendeshwa kwa michango, na hawaruhusu upakue vigae kwa mkupuo ukatumie bila mtandao. Google nao hawaruhusu kuzihifadhi za kwao.

Na shule ile haina mtandao. Ina kompyuta tatu, na bando la mwalimu wa jiografia.

Kwa hiyo tumechukua data za OpenStreetMap, tumeongeza za kwetu, tukatengeneza vigae wenyewe kwa QGIS, ambayo nayo ni huria. Eneo ni kilomita 5 kwa 5. Katika kiwango cha 17 cha ukuzaji kila kigae kinafunika mita 300 hivi, jumla havifiki 500. Vyote vinaingia kwenye flashi pamoja na Leaflet yenyewe. Kivinjari kilikataa kusoma faili la data kutoka kwenye flashi, kwa sababu za usalama, mpaka tukazigeuza data kuwa faili la JavaScript linaloitwa moja kwa moja na ukurasa. Aliyegundua ni Injinia, nampa heshima yake.

Bado hajaridhika lakini. Anauliza, daraja likisombwa mwakani nani atabadilisha? Google wana watu, sisi tutakuwa tumetawanyika mikoani. Sikuwa na jibu la kumnyamazisha. Nilichofanya ni kuandika faili la visima na madaraja mstari mmoja kwa kila kitu, kwa Kiswahili, mtu alifungue kwa Notepad na kubadilisha neno "lipo" kuwa "limesombwa". Nikampigia mwalimu kule, nikamsomea mistari mitatu. Akanirudishia vizuri, halafu akauliza kama anaweza kuongeza zahanati mpya.

Tunawasilisha Ijumaa saa nne. Picha ya setilaiti hatuna, na najua mhadhiri ataiulizia. Flashi mbili zimeshanunuliwa, moja inapanda basi Jumamosi.